Sare Mbichi ya Mwende

Jericho, Jumapili jioni

Nanjala binti yangu,

Nakuandikia wewe ukiwa umekaa kwa msusi pale sokoni, na kwa jinsi nilivyowaona wale wasichana wawili wakikigawana kichwa chako, hutarudi kabla ya saa tatu. Mama yako amebaki nawe. Anasema ni kukupa moyo, lakini mimi namjua, amefuata umbea. Basi nyumba ni yangu na meza ni yangu. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la kidato cha nne, zile za nyuma ulizoziacha tupu upande mmoja, kwa hivyo usishangae ukigeuza ukurasa ukakutana na hesabu zako mwenyewe.

Habari za baridi ya Eldoret umeshaambiwa. Habari za kufunga mlango, za kunywa chai kabla ya kutoka, za kutolala na nywele zenye maji, zote mama yako amezisema mara tatu na bado atazisema asubuhi. Mimi nazipita. Umekuwa ukienda chuo ukitokea nyumbani miaka mitatu, hujawahi kulala nje wiki nzima, na sasa unaenda kwenye mashindano na mafunzo ya miezi mitatu, na mkishinda ni mwaka mzima. Nitaona upweke, nakwambia wazi. Lakini sina wasiwasi na tumbo lako wala mlango wako. Nina jambo moja tu ambalo nimeshindwa kulisema tangu Alhamisi.

Alhamisi ulisimama nyuma ya kiti cha sebuleni, simu mezani ikihesabu dakika, ukatutolea hotuba utakayoisema mbele ya majaji. Majaji wa siku hiyo tulikuwa mimi na mama yako, na chakula kilikuwa kinapoa. Ulianza vizuri sana. Ulinyoosha mgongo, ukatutazama kana kwamba hutujui, ukasema, "Nilipokuwa darasa la nne nilikuwa na sare moja. Mama aliifua jioni, na kwa sababu chumba chetu hakikupata jua, asubuhi niliivaa ikiwa mbichi."

Mama yako akaangua kicheko. "Wewe, ni lini nilikuvisha nguo mbichi?"

Nawe ukamjibu, "Mathe, hiyo ni story tu. Majaji wanapenda mtu amepitia."

Akacheka tena, yakaisha. Kwangu hayakuisha. Uwanja wetu una jua tangu asubuhi hadi jioni, na kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi kwa jirani ilikuwepo kabla hujazaliwa. Hukuvaa sare mbichi hata siku moja. Aliyeivaa ni Mwende, na sote watatu mle sebuleni tulijua.

Nakumbuka siku ulipomleta mara ya kwanza, mkiwa mwaka wa kwanza. Kabla hajaketi alisimama pale nje akitazama nguo zetu zikipepea, akasema, "Nyinyi mko na jua ya bure." Nilidhani anatania. Ndipo alipotueleza habari za kwao Kware, ghorofa zilizokaribiana hadi mtu anaweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi kupitia dirishani. Alieleza kamba za juu ya paa zinazogombaniwa, na nguo zinazoibwa zikiwa bado zinachuruzika. Alieleza watoto wenye sare moja, inayofuliwa usiku na kuvaliwa alfajiri ikiwa mbichi vile vile. Alisimulia bila kujihurumia, akila viazi vyetu. Wewe uliacha kula. Nilikuona kichwa kinafanya kazi.

Kabati lile la kukaushia nguo, hili mnalolipeleka mashindanoni, lilizaliwa siku hiyo, na sisemi hukulifanyia kazi. Hesabu za hewa na joto ni zako. Wewe ndiwe uliyefunga feni, ukaunganisha sola hadi ukaunguza kidole, ukanifukuza nilipotaka kushika bisibisi. Lakini lilipofika pale chini ya jengo la akina Mwende, nani alipanda ngazi mlango kwa mlango akiwaomba akina mama wamwamini na sare za watoto wao? Nani aliyekwambia rafu zishushwe, kwa kuwa wanaoleta nguo mara nyingi ni watoto wenyewe? Ulinisimulia wewe, ukicheka kwamba umesoma uhandisi miaka yote hiyo na hukufikiria urefu wa mtoto.

Ndiyo maana baada ya hotuba nilikuuliza, "Na Mwende?"

Ulikuwa unapakua chakula. Ulisema mshauri wenu wa mashindano amewaambia kundi lenye sura mbili huwachanganya majaji, wanaanza kuuliza mkubwa ni nani. Ukasema kwenye fomu umeacha jina moja la mwanzilishi. Nikauliza kama mwenyewe anajua. Ukasema, "Nitamwambia nikifika, Baba. Atakuwa msaidizi huku Nairobi."

Niliomba niongezwe mboga, nikala bila njaa.

Utaniuliza kwa nini sikusema hapo hapo, mimi ninayejua kugombana na redio kuhusu mpira. Ni kwa sababu ya sentensi nyingine, ile uliyoiweka karibu na mwisho. "Baba yangu alijifundisha mwenyewe kutengeneza mashine kiwandani, hakuna aliyemwonyesha. Mimi ni mtoto wake." Mama yako alinipiga bega kwa furaha. Ningefungua mdomo nikukosoe juu ya sare ya Mwende, ningekuwa mnafiki mkubwa kuliko wote Jericho. Wewe uliazima uongo mmoja. Wa pili nilikupa mimi.

Sasa nisikilize, nikwambie ilivyokuwa.

Nilipotoka kwetu Bungoma sikuja Jericho. Jericho ni nyumba ya babu yako mzaa mama, mimi niliingia hapa kwa mlango wa ndoa. Nilifikia Mukuru kwa Njenga, kwenye chumba cha mabati nilichokaa na kijana wa kwetu anayeitwa Simiyu. Umemwona mara moja, kwenye mazishi ya nyanya yako, yule mwembamba aliyekutengenezea kiatu kwa waya. Tulikuwa na godoro moja. Kila alfajiri tulitembea hadi Industrial Area kusimama kwenye geti la kiwanda cha unga, pamoja na vijana wengine wengi, tukingoja nyapara atoke achague vibarua wa siku.

Nyinyi mnaita kupichi, kujinadi mbele ya wenye pesa. Sisi tuliita kusimama. Ujanja wake ulikuwepo pia. Mwenye viatu safi hachaguliwi, kwa hivyo Simiyu alikuwa akitupaka vumbi tukikaribia geti, kwa makini kabisa, kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Anayesukumana mbele huonekana mkorofi. Anayekaa nyuma huonekana mgonjwa. Simiyu aligundua kwamba nyapara, akitoka, hugeuka kwanza upande wa kushoto, hivyo tukawa watu wa kushoto.

Na palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika. Watu walikuja getini wawili wawili. Nyapara akikuonyesha kidole wewe, anauliza, "Mko wangapi?" nawe unajibu, "Tuko wawili," na mwenzako anaingia nyuma yako. Nyapara alikubali kwa sababu magunia hubebwa na watu wawili. Sisi tulikubali kwa sababu siku moja kidole kingemwangukia yeye, siku nyingine mimi. Kwa karibu mwaka mzima hivyo ndivyo tulivyokula, mimi na Simiyu. Kuna wiki yeye ndiye aliyenivuta siku zote sita.

Mle ndani palikuwa na mashine ya kushona midomo ya magunia. Ikikwama, kazi yote husimama. Fundi wake alikuwa mzee mmoja mkali ambaye alipoitengeneza aligeuza mgongo ili watu wasione. Simiyu alipangiwa kubeba magunia karibu naye, na Simiyu ni mtu ambaye macho yake hayatulii. Jioni, chumbani, alinieleza yote. Alitumia kijiko, uzi na kifuniko cha sufuria. "Wanyonyi," aliniambia, "wote wanalaumu uzi. Uzi hauna makosa. Kuna kaspringi hapa chini, kakilegea kidogo tu, uzi unakatika." Nilikuwa nasikiliza nusu, nusu nasinzia. Lakini nilikashika.

Siku moja yule fundi mzee hakuja kazini, mashine ikakwama, na Simiyu akaomba aiguse. Akaigusa kama dakika tano, ikaanza. Nyapara wa siku hiyo hakuuliza jina. Kibarua hana jina.

Kesho yake tulifika getini mapema. Simiyu akasema anakwenda kwa mama wa uji, pale kwenye kona, atuletee vikombe viwili. Hajarudi, geti likafunguka, akatoka nyapara wetu wa kila siku na bwana mwingine mwenye tai. Akauliza kwa sauti, "Nani alitengeneza ile mashine ya magunia jana?"

Watu wakatazamana. Mimi nikatazama kona, sikumwona. Najua ningeweza kusema ameenda kuchukua uji, anarudi. Ni maneno manne. Nimeyarudia kichwani miaka yote hii na bado ni maneno manne. Nikainua mkono.

"Ni mimi, boss."

"Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Mwanangu, hakuna aliyenilazimisha lile la pili. La kwanza naweza kulitafutia kisingizio, njaa, haraka, ujana. Kwa nini sikusema tuko wawili? Nimejiuliza sana, na jibu nililopata halinipendezi. Niliogopa kwamba akiingia, wataona ni nani anayejua kweli. Nilimwacha nje kwa sababu ya kile nilichomchukulia.

Niliingia. Mashine ilikuwa imekwama tena, na ilikuwa ile ile springi. Nikaikaza. Yule bwana mwenye tai akaandika jina langu, mara ya kwanza kuandikwa Nairobi tangu nije. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa mfanyakazi wa kudumu.

Jioni ile nilirudi chumbani nikiwa nimepanga maneno ya kujitetea. Nilimkuta Simiyu amepika ugali na sukuma. Alinitazama, akanisogezea sahani, akauliza, "Ilikuwa springi?" Nikasema ilikuwa springi. Akasema, "Nilijua," na kweli usoni alionekana kufurahi, furaha ya fundi ambaye dawa yake imefanya kazi. Kuhusu geti hakusema neno, jioni ile wala baadaye.

Ungedhani hapo ndipo penye kosa, na kwamba adhabu ilikuwa dhamira yangu kunisumbua. Hapana. Dhamira nililala nayo vizuri tu, nilikuwa kijana nimechoka. Shida iliyonipata ilikuwa ya kazi. Mashine haina ugonjwa mmoja. Wiki ya pili ikaanza kuruka mishono, na mimi nilikuwa na jibu moja tu kichwani. Nikakaza springi, ikazidi. Nilisimama pale mbele ya watu nikitoa jasho, hadi nikasema kuna kifaa lazima nikitafute, kesho kitapatikana. Jioni nikamuuliza Simiyu kwa kuzunguka, eti, mtu akiona mishono inaruka, hiyo huwa nini? Akachukua kijiko na uzi akanieleza. Hakuniuliza kwa nini nauliza.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Mchana yeye anasimama getini, siku nyingi bila kuchaguliwa kwa kuwa sasa hana mwenzake wa kubeba naye, na jioni ananifundisha kazi ambayo ilikuwa yake. Miezi mitatu. Hadi jioni moja nikamletea swali jipya, akakaa nalo, kijiko mkononi, mwisho akasema, "Hiyo sijui, Wanyonyi. Nilikuwa najua kwa kuiona. Sasa sijaiona siku nyingi."

Hilo ndilo lililonivunja. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Nilichukua nafasi yake, na nilipoichukua, hata kile alichokijua kikaanza kufa, kwake na kwangu. Kabla mwezi haujaisha alifunga mzigo wake akarudi Bungoma. Mimi nilibaki na mashine, nikajifunza iliyobaki kwa kuiharibu mara nyingi, na kwa aibu nyingi ambazo mtu mwingine angenipunguzia.

Hiyo habari ya kujifundisha mwenyewe ilianza siku mkubwa mmoja wa kiwanda alipoletewa wageni. Akanionyesha akasema, "Huyu hakusomea, alijifundisha." Nikatabasamu. Kutabasamu nako ni kusema. Nikaja nayo nyumbani, na siku ulipokuwa na miaka saba ukafungua redio yangu yote, ukalia kwa kuwa hukujua kuirudisha, mimi nikakwambia usilie, baba yako pia alijifundisha peke yake. Ulipangusa machozi ukarudi kwenye redio. Haikuimba tena, lakini tangu siku ile hujaogopa kufungua kitu. Kwa hivyo siwezi kusema kwamba uongo ule haukuzaa chochote. Sijui ungekuwa nani bila huo. Wazee walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi kwa miaka mingi niliisikia methali hiyo kama sifa.

Mama yako anajua, ingawa Alhamisi alifurahi hadi akasahau. Nilimwambia mwaka wa pili wa ndoa. Siku ya tatu akaniuliza kama nimemwomba Simiyu msamaha. Nikasema nitamwomba. Nilijaribu kwenye yale mazishi, nyuma ya nyumba, watu wakisubiri chakula. Nilianza, "Simiyu, ile siku ya geti," naye akanishika mkono, akaniita twende tumsaidie mzee fulani kubeba viti. Baadaye akanipeleka sokoni kwao, ambako siku hizi anatengeneza cherehani za mafundi wa nguo, akanitambulisha kwa wateja wake: "Huyu ni Wanyonyi, tulikuwa naye Nairobi." Hakuongeza lolote. Walininunulia soda na sikuweza kuimaliza. Nimeelewa kuwa hataki kunisikia nikisema, na pengine ni haki yake. Msamaha ukicheleweshwa sana, aliyestahili kuombwa huwa ameshaendelea na shughuli zake.

Sasa turudi kwako. Mimi sijui dunia yenu ya slaidi na wawekezaji. Huenda mshauri wenu anasema kweli kwamba sura moja hushinda. Nami pia nilishinda, kumbuka. Nilipata kazi ya miaka ishirini na miwili, na mlo wako ulitoka mle. Sitakudanganya kwamba aliyefanya hivyo huanguka, kwa sababu sikuanguka.

Ninachojua ni kwamba mtu huulizwa swali la pili. Utasimama kule, utasema uliivaa sare mbichi, na watu watanyamaza wakikuhurumia. Halafu jaji mmoja, labda mama ambaye naye aliivaa, atakuuliza ilikuwaje darasani. Utamjibu nini? Mimi nimeshamsikia Mwende akilieleza hilo, mezani hapa. Kwamba siyo baridi iliyomuuma, bali harufu, kwamba mwalimu alikuwa akifungua dirisha bila kusema neno na darasa zima linageuka kumtazama. Kwamba ndiyo sababu kabati lenu lina feni kubwa kuliko ilivyohitajika kwa kukausha tu. Wewe unajua ukubwa wa feni. Yeye anajua sababu yake. Na akibaki hapa akiitwa msaidizi, nyinyi wawili mkizungumza kwa simu mara moja kwa wiki, itafika siku utamuuliza jambo naye atakwambia hajui, siku hizi haambiwi.

Naogopa pia kitu kingine, na hiki nakisema kama baba. Mwende ni mtu wa aina ya Simiyu. Hatakupigia kelele. Ungekuwa na rafiki wa kukutukana ningelala, kwa sababu ungetukanwa ukajirudi. Huyu atakuuliza tu kama feni ilifanya kazi.

Ulisema majina yanathibitishwa mkifika, na kwamba kila kundi linaruhusiwa watu wawili. Nilisikia vizuri, ingawa nilikuwa nakula. Sikuamrishi. Umri wa kuamrishwa umepita, na mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kukuamrisha kwa hili. Ukienda peke yako, nitakubebea sanduku kesho vile vile, na ukipiga simu nitapokea. Ninaloomba ni moja tu, na hili nina haki nalo kwa kuwa linanihusu. Ile sentensi juu yangu iondoe. Kama lazima unitaje, sema baba yako alifundishwa na kijana wa kwao anayeitwa Simiyu. Itakuwa mara ya kwanza jina lake kutajwa mbele ya watu wenye tai.

Nimekatizwa hapa kidogo. Mlango umebishwa nikadhani ni nyinyi, nikaficha karatasi chini ya gazeti kama mwanafunzi. Alikuwa Mwende, ana begi mgongoni na blanketi kubwa limefungwa kwa leso.

"Habari ya jioni, Baba Nanjala. Nanjala ako?"

Nikamwambia uko kwa msusi.

"Basi nitamngoja. Nimeona nikuje nilale hapa, maana kutoka Kware asubuhi hiyo ni ngumu." Akaweka blanketi kwenye kiti. "Hii ni mathe ametupea. Anasema Eldoret ni baridi, tujifunike wote wawili."

Nilimkaribisha chai. Tangu asubuhi amekuwa akipanda ghorofa za jengo lao, akiwaaga akina mama wote wanaoleta sare, akiwaonyesha dada yake atakayelisimamia kabati mkiwa hamko. Miguu ilikuwa imemvimba. Aliniuliza mambo mengi, kama majaji huwa wakali, kama nadhani azungumze yeye kwanza au wewe. Nikasema hayo mtapanga wenyewe. Akauliza gari linaondoka saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili. Chai ilimshinda kabla hajafika nusu, akaanza kusinzia kwenye kiti, nikamwambia aende akalale.

Sikumwambia, Nanjala. Nilikuwa na neno ulimini mara mbili au tatu, nikaliacha. Ningelisema mimi, ningekuwa nimekunyang'anya wewe nafasi ambayo mimi niliipoteza. Lakini kunyamaza nako kumenichoma, maana kila alipouliza kitu na mimi nikajibu, nilikuwa nimesimama tena pale getini, na yeye ameenda kwenye kona akiamini anarudi.

Chakula chako nimekifunika, barua hii iko chini ya sahani. Mimi naenda kulala, ama niseme naenda kulala chali nikisikiliza mlango. Mwende yuko kitandani mwako, amejisogeza ukutani akuachie nafasi.

Amesema umwamshe saa kumi na nusu.

Baba yako,
Wanyonyi